Soli za tiba: Nani anazihitaji, hutengenezwaje na mipaka yake ni ipi

MKULIMA wa uwanda wa juu wa Ufipa huitumia miguu yake kama mtaji. Ndiyo inayomfikisha shambani, inayofuata plau nyuma ya maksai, inayobeba mzigo wa mahindi na maharage hadi barabarani. Kwa wanaoshuka kutoka Sumbawanga, mji ulioko kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenda katika Bonde la Ziwa Rukwa, ndiyo inayostahimili mteremko wa karibu mita 1,000 katika ukingo wa Lyamba lya Mfipa.

Miguu hiyo inapoanza kuuma, kazi hupungua na kipato cha kaya hupungua pamoja nayo. Wengi humeza vidonge vya kutuliza maumivu kwa miezi, wengine hununua soli zinazotembezwa mitaani kwa ahadi kwamba zinaponya kila kitu kuanzia kisigino hadi kichwa.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu ambayo haijulikani sana: soli za ndani ya kiatu zinazotengenezwa kwa kipimo cha unyayo wa mgonjwa mmoja, baada ya kupimwa na mtaalamu. Katika makala haya zitaitwa soli za tiba. Zina manufaa ya kweli kwa baadhi ya wagonjwa, hazina manufaa yoyote kwa wengine, na kwa kundi fulani zinaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na mguu na kukatwa mguu.

Mguu ni nini na unauma wapi

Kiswahili hutumia neno "mguu" kwa kiungo chote, kuanzia nyonga hadi vidole. Mgonjwa anayemwambia mganga "mguu unauma" huwa bado hajasema mengi. Hatua ya kwanza ya tiba ni kuonyesha kwa kidole: ni kisigino, katikati ya unyayo, chini ya vidole, kifundo, muundi, goti, nyonga au kiuno.

Sehemu ya chini ya kifundo pekee ina mifupa 26. Ukijumlisha nyayo mbili unapata mifupa 52, yaani karibu robo ya mifupa yote 206 ya mwili wa mtu mzima. Mifupa hiyo imepangwa kwa umbo la upinde, na upinde huo hushikiliwa na misuli, kano na utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole.

Upinde hufanya kazi mbili zinazopingana. Mtu anapokanyaga, hulegea ili kupunguza kishindo. Anapojisukuma kwenda mbele, hukaza ili unyayo uwe kama mtaimbo. Usipolegea vya kutosha, kishindo hupanda juu. Ukilegea kupita kiasi, unyayo hulalia ndani, muundi hufuata, na goti huweza kuvutwa nje ya mstari wake.

Ndiyo sababu tatizo la unyayo huweza kusikika mbali na unyayo. Hata hivyo, kinyume chake ni kweli vilevile: maumivu mengi ya goti na kiuno hayatokani na unyayo hata kidogo. Mtu anayeinama siku nzima akitengeneza matuta ya ntumba, yale malundo ya udongo yanayofunika majani ili yaoze yawe mbolea, anaweza kuumwa kiuno kwa sababu ya kuinama na si kwa sababu ya nyayo zake. Huyo soli haitamsaidia.

Aina za soli

Soli za ndani hugawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni pedi laini za kupunguza kishindo, ambazo huuzwa madukani bila kipimo zaidi ya namba ya kiatu. Kundi la pili ni soli ngumu kiasi, zenye umbo la upinde, zinazotengenezwa kiwandani kwa wingi. Mtaalamu huweza kuzirekebisha kwa kuongeza au kupunguza sehemu. Kundi la tatu ndilo la soli za tiba zenyewe, zinazofinyangwa kwa umbo la mguu wa mtu mmoja.

Wazo hili si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa mifupa Royal Whitman wa New York alibuni bamba la chuma la kuinua upinde ulioanguka. Katikati ya karne ya 20 Mmarekani mwingine, Merton Root, aliweka misingi ya kupima mguu na kutengeneza soli za plastiki inayolainishwa kwa joto. Huko Vellore, India, daktari Paul Brand alionyesha kwamba vidonda vya nyayo za wagonjwa wa ukoma havikutokana na nyama kuoza yenyewe bali na mguu uliopoteza hisia kukanyaga vibaya, siku baada ya siku, bila mwenyewe kujua. Ugunduzi huo ndio msingi wa viatu maalumu vya wagonjwa wa ukoma na wa kisukari hadi leo.

Hutengenezwaje

Kazi huanza kwa macho. Mtaalamu humtazama mgonjwa akisimama, akitembea na akijiinua kwa vidole. Hutazama pia viatu vyake vya zamani, kwani soli iliyolika upande mmoja hueleza mwendo wa mtu kuliko maneno. Hupima nguvu ya misuli, mnyumbuko wa kifundo, urefu wa miguu yote miwili na hisia ya ngozi ya unyayo.

Kisha huchukuliwa umbo. Njia ya kawaida ni kuuzungushia mguu bandeji ya jasi iliyoloweshwa, kuuweka katika mkao unaotakiwa na kusubiri jasi ikauke. Njia nyingine ni kukanyaga kisanduku cha povu linalobonyea na kubaki na alama. Karakana za kisasa hutumia mashine ya kupiga picha ya umbo la mguu na kuipeleka kwenye kompyuta.

Ganda la jasi hujazwa jasi nyingine, na likivunjwa hubaki sanamu ya mguu. Hapo ndipo ustadi ulipo. Fundi hukwangua sehemu zinazopaswa kubeba uzito na kuongeza jasi juu ya sehemu zinazouma, ili soli iziepuke. Plastiki hupashwa moto katika tanuri, hulazwa juu ya sanamu ingali laini, hupoa, hukatwa na kusagwa kingo. Juu yake hubandikwa tabaka la mpira au povu kulingana na hali ya ngozi.

Soli ikikamilika, mgonjwa huijaribu ndani ya kiatu atakachokivaa. Siku ya kwanza huivaa saa moja au mbili tu, kisha huongeza muda kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Maumivu madogo ya misuli huweza kutokea mwanzoni. Lengelenge au wekundu usiotoka ni dalili kwamba soli irudishwe ikarekebishwe.

Nani anafaidika

Kundi la kwanza ni la watu wenye maumivu ya kisigino yanayokuwa makali katika hatua za mwanzo asubuhi, kisha hupungua wakishatembea. Hayo mara nyingi hutokana na ule utando wa unyayo kuchoka pale unaposhikana na mfupa wa kisigino. Huwapata hasa wanaosimama muda mrefu, wenye uzito mkubwa na wanaotembea sana kwa viatu vyembamba.

Kwa hao, habari njema ni kwamba si lazima kutumia fedha nyingi. Utafiti uliofanyika Australia kwa watu 135 na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha soli za kipimo, soli za kiwandani na soli bandia za povu jembamba. Soli za kipimo na za kiwandani zilileta nafuu ndogo katika miezi ya mwanzo, lakini baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi yote matatu. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka kwa kunyoosha misuli ya shavu la mguu, kupunguza mzigo na kubadili viatu.

Kundi la pili ni la watu wenye upinde uliopanda mno, ambao hukanyagia kisigino na vichwa vya vidole tu. Hapa ushahidi wa soli za kipimo ni imara zaidi. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2008, uliokusanya majaribio 11 yenye watu zaidi ya 1,300, ulikuta kwamba zinapunguza maumivu ya miguu ya aina hiyo. Uchambuzi huohuo ulionyesha manufaa kwa baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi, wakiwamo watoto, ingawa ushahidi wake ulikuwa dhaifu zaidi.

Kundi la tatu ni la watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, kwa mfano baada ya mfupa kuvunjika na kuunga vibaya. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida na haihitaji tiba. Ikiwa kubwa na inaleta maumivu au kuchechemea, huinuliwa taratibu kwa soli, au kwa kuongeza unene chini ya kiatu.

Nani hafaidiki

Watoto wadogo wenye nyayo bapa ndio wanaopelekwa kutafutiwa soli bila sababu mara nyingi zaidi. Karibu kila mtoto huzaliwa na nyayo zinazoonekana bapa, na upinde hujitokeza polepole katika miaka ya utotoni. Mtoto anayecheza bila maumivu, ambaye upinde wake huonekana akijiinua kwa vidole, hahitaji soli. Anayestahili kupelekwa hospitali ni yule mwenye maumivu, mwenye unyayo mgumu usionyumbuka, au ambaye mguu mmoja ni tofauti na mwingine.

Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani ni suala jingine. Huyo anahitaji tiba ya plasta za wiki kwa wiki, kwa njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti, ikifuatiwa na viatu vilivyounganishwa kwa chuma ambavyo huvaliwa karibu muda wote kwa miezi mitatu hivi, kisha usiku tu hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Tiba hii hutolewa nchini, ikiwamo hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, na huenda vizuri zaidi ikianza mapema. Mzazi asingoje mtoto atembee.

Kwa goti lililosagika kwa umri, soli zenye kabari upande wa nje zilipendekezwa kwa miaka mingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, zikilinganishwa na soli za kawaida zisizo na kabari, hazikupunguza maumivu. Kwa maumivu ya kiuno, ushahidi hautoshi kuzipendekeza.

Soli zenye sumaku, ambazo husifiwa na wachuuzi wengi, zilifanyiwa jaribio Marekani kwa watu 101 wenye maumivu ya kisigino. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalikuwa wazi: sumaku haikuongeza nafuu yoyote juu ya ile ya soli isiyo na sumaku.

Mguu usiosikia

Wapo watu ambao soli kwao si suala la kupunguza maumivu, kwa sababu hawasikii maumivu. Hawa ni wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni na waliougua ukoma.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kiwango kikubwa cha sukari katika damu. Ukoma nao, ingawa Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, umeacha watu waliopona vijidudu lakini wakabaki na nyayo zilizokufa ganzi.

Mtu wa aina hiyo anaweza kutembea kutwa nzima na msumari ndani ya kiatu. Kidonda huanza, huingia usaha, na mguu hukatwa. Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini bila kushtuka. Daktari huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa Hatua kwa Hatua, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umefundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua na kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari.

Uwanda wa Ufipa una hatari yake ya ziada. Miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali, na jioni watu hukaa kuota moto. Mwenye ganzi hasogezi miguu moto unapozidi, maana hausikii. Huamka asubuhi na malengelenge. Mgonjwa wa namna hii avae soksi, akae mbali na mafiga, wala asikande miguu kwa maji ambayo hayajapimwa joto kwa kiwiko au kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa wagonjwa hawa soli hufuata kanuni tofauti. Haitakiwi kuwa ngumu. Hutengenezwa kwa mpira laini wenye vitundu vidogo, hutawanya uzito ili sehemu moja isibonyezwe kupita kiasi, na huwekwa ndani ya kiatu kipana kisicho na misumari. Kila usiku nyayo hukaguliwa kwa mwanga, kwa kioo au kwa msaada wa ndugu. Kila asubuhi mkono huingizwa ndani ya kiatu kabla ya mguu.

Zinapatikana wapi

Tanzania ina nafasi ya pekee katika taaluma hii. Mwaka 1981 ulianzishwa mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC na kwa ushirikiano na Ujerumani, chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Kimesomesha vijana wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa ngazi ya stashahada na shahada. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Lakini Moshi iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Sumbawanga. Hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, iko zaidi ya kilomita 300. Barabara ya lami ya kupitia Laela hadi Tunduma imepunguza adha ya safari, ila nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea bado ni mzigo, hasa kwa kuwa soli huhitaji kurudi kurekebishwa.

Kwa hiyo mgonjwa wa Rukwa asianze safari kabla ya kuanza ngazi za karibu: zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga. Aombe kupimwa sukari. Aombe kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ikibidi kupewa rufaa, aulize mapema ni karakana ipi itakayompokea, soli itakamilika baada ya siku ngapi, gharama ni kiasi gani na kama bima yake inalipia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inatambua huduma za utengemao na vifaa saidizi. Mwenye ulemavu wa mguu anayo haki ya kuuliza kuhusu msaada huo katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake.

Kiatu kwanza

Soli nzuri ndani ya kiatu kibovu ni kazi bure. Kiatu kinachofaa huwa kigumu nyuma kwenye kisigino, hukunjika kwenye vidole na si katikati, hakisokoteki kama kitambaa, na kina nafasi ya upana wa kidole mbele. Soli yake ya ndani iwe inatoka, ili ya tiba ipate mahali. Kinunuliwe jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda.

Viatu vya mitumba vinafaa, kwa sharti moja. Kiatu kilichovaliwa sana huwa kimekwisha kufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiwekwe juu ya meza na kutazamwa kwa nyuma: kama kinaegemea upande mmoja, kiachwe. Kandambili na yeboyebo hazishiki kisigino. Gamboti hulinda dhidi ya matope na nyoka, lakini mguu huchezacheza ndani yake; soksi nene husaidia. Katambuga za matairi ni imara na hudumu, ila ni ngumu. Fundi viatu anaweza kuzibandikia tabaka la mpira laini kwa gharama ndogo.

Soli za tiba zenyewe hudumu kati ya mwaka mmoja na mitatu hivi kulingana na matumizi, na hukaguliwa mapema zaidi kwa mtoto anayekua au mtu mwenye ganzi. Zisianikwe juani wala kukaushwa jikoni, kwani joto lililozifinyanga ndilo litakalozipinda.

Dalili zisizongoja soli

Zipo hali ambazo mgonjwa hapaswi kutafuta soli wala kuendelea na dawa za kutuliza, bali awahi hospitali: kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, maumivu yanayoamsha usiku pamoja na homa au kukonda, miguu kulegea huku mkojo ukishindwa kuzuilika, na kidonda chochote, hata kidogo, kwenye unyayo wa mwenye kisukari.

Kwa wengine wote, mpango ni rahisi. Kuonyesha hasa panapouma, kubadili kiatu, kunyoosha misuli kila siku, kujaribu soli ya bei nafuu kwa wiki sita hivi, na kisha, ikiwa maumivu yangalipo, kwenda kwa mtaalamu kupimwa. Mwenye ganzi asifuate mpangilio huo. Yeye aanze na mtaalamu, na aanze sasa, kwa maana mguu usiouma ndio usiotoa onyo.